Alama za Kuinua Mkono

Darasa langu la Kidato cha Tatu lilikuwa na tabia moja mbaya: kubishana. Shule yetu iko pembeni mwa mji wa Meru, pale nyumba za kupangisha zinapoishia na mashamba ya migomba na kahawa yanapoanza, na wanafunzi hutujia kutoka pande zote mbili. Nyumbani wengi wao wanaongea Kimeru, kama nilivyoongea mimi nilipokuwa nikikua Kanyakine, kwa hivyo Kiswahili huwafikia kikiwa kimechoka na safari. "Kitabu yangu imepotea" kwao ni sentensi kamili. Kila mtu anaielewa, hata mimi ninayelipwa mshahara ili nisiielewe.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tukisoma kifungu cha ufahamu nilichokitunga mwenyewe, kuhusu mama aliyeuza ng'ombe wa mumewe bila kumwambia, ili binti yao aende shule. Nia yangu ilikuwa ndogo. Nilitaka wataje dhamira, wataje wahusika, kengele ilie, nikanywe chai. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, binti wa wakulima mwenye sauti ya chini ambayo hukufanya uinamishe kichwa ili uisikie, akasimama.

"Mwalimu, huyo mama ni mwizi."

Nilidhani hakusoma vizuri. Nikamweleza kwamba huyo mama ndiye shujaa wa hadithi, na mimi ndiye niliyemtunga, kwa hivyo najua.

"Ni shujaa, sawa. Lakini ng'ombe haikuwa yake."

Kutoka nyuma akaruka mvulana wa Majengo, mtoto wa mwenye bucha. Watoto wengi wa mtaa ule wamezaliwa ndani ya Kiswahili, na huyu alikuwa na Kiswahili laini kuliko changu, jambo ambalo hakuwahi kulificha. "Angemwuliza mumewe angekatazwa! Kisha binti angekaa nyumbani achunge huyo huyo ng'ombe."

"Basi aseme ameiba kwa sababu nzuri," msichana akajibu. "Lakini aseme ameiba."

Darasa likalipuka. Kuna waliosimama juu ya viti. Mvulana mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Kidato cha Kwanza alisimulia kwamba mama yake aliwahi kuuza mahindi ya nyumbani namna hiyo hiyo, na baba yake mpaka leo anaamini yaliliwa na fukusi. Kengele ililia, hakuna aliyeisikia. Walitoka wakibishana hadi kwenye foleni ya chai, na mimi nikabaki darasani nimehuzunika, kwa sababu dhamira hazikuwa zimetajwa.

Kwa bahati nzuri, serikali na wahisani wake wana dawa ya mambo kama hayo. Muhula uleule mimi na naibu wa mwalimu mkuu tulitumwa Embu kwenye semina. Ilifanyika katika hoteli ambayo viti vyake vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe na utepe mgongoni, kama mabibi harusi waliokaa wakingoja. Mada ilikuwa ujifunzaji tendaji. Mwezeshaji, kijana nadhifu mwenye kipaza sauti kilichobandikwa shavuni, alitueleza kwamba mwanafunzi hajifunzi kwa kukaa kimya na kumsikiliza mtu akiongea. Alitueleza hayo kuanzia asubuhi hadi jioni, sisi tukiwa tumekaa kimya tunamsikiliza.

Baada ya chakula cha mchana, alipoona vichwa vinaanza kuinama, alitoa mfuko wa peremende. Anayejibu swali anatupiwa moja. Sijawahi kuona wasomi wakiamka kwa haraka namna ile. Mwalimu mmoja wa Hisabati, mtu mzima mwenye mvi na shahada mbili, aliinua mikono yote miwili. Wa Jiografia alijibu swali ambalo halikuwa limeulizwa bado. Mimi nilisema "motisha ni muhimu sana," nikarushiwa ya maziwa, nikaidaka kwa ustadi na kumtazama jirani yangu kwa dharau kidogo, yeye alikuwa amepata ya ndimu. Kwamba motisha ni muhimu kwa nini, hakuna aliyeniuliza, na ningeulizwa ningetaka ya pili kwanza.

Naibu hakushindania peremende. Alikuwa mbele kabisa, anaandika. Ni mtu mfupi, msafi, anayepiga pasi hata sweta, na katika maisha yake hakuna anachokipenda kama kitu kinachoweza kuhesabika. Alituona tunavyorukia peremende, na macho yake yakang'aa kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa mbinguni umeachwa wazi.

Jumatatu iliyofuata, gwarideni, alitangaza mapinduzi. Kuanzia siku hiyo ushiriki darasani ungelipwa. Alikuwa amekusanya vifuniko vya soda na kuvipaka rangi ya kijani. Mwanafunzi akichangia, anapewa kifuniko. Kila Ijumaa vifuniko vinahesabiwa na kugeuzwa kuwa alama, na alama zinaongezwa kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Darasa la majaribio lingekuwa Kidato cha Tatu, somo la Kiswahili.

"Kwa sababu mwalimu ametoka semina," alisema, akininyooshea mkono. Wanafunzi wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama watu wanavyofanya wanapotwishwa kazi mbele ya umati.

Nilipewa kopo la mafuta ya kupikia limejaa vifuniko, nikaingia nalo darasani likilialia kama kayamba. Wiki ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Sikuwahi kuona mikono mingi kiasi kile. Nilipouliza swali, kabla sijamaliza kulitaja, darasa zima lilikuwa limeinuka kama shamba la mahindi baada ya mvua. Naibu alikuwa akipita dirishani na kutabasamu.

Tatizo dogo, dogo sana, lilikuwa kile kilichosemwa.

"Mwalimu, naunga mkono mwenzangu."

Kifuniko.

"Mwalimu, pia mimi naunga mkono yule ameunga mkono."

Kifuniko. Kanuni ni kanuni.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nomino ni nini?"

Walikuwa Kidato cha Tatu. Nomino walikuwa wamekutana nayo shule ya msingi. Lakini swali ni mchango, na mchango ni kifuniko. Wakagundua upesi kwamba swali rahisi lina faida mbili: anayeuliza analipwa, na anayejibu analipwa, kisha wanaweza kubadilishana zamu. Mvulana wa Majengo, ambaye akili yake haikuwahi kulala njaa, aliwapangia wenzake maswali kabla ya kipindi. Huyu aulize maana ya methali, yule ajibu, wa tatu "aongezee hapo." Darasa langu lilikwenda kama misa: kila mtu alijua anapojibu, na hakuna aliyehitaji kufikiri.

Wale waliosimama juu ya viti kwa sababu ya ng'ombe sasa walikaa wima, nidhamu tupu, na kutoa mchango wa sekunde mbili. Nikiwasomea kifungu chenye utata, utata ulikuwa unawaudhi, kwa sababu unachukua muda. Mmoja aliniambia kwa heshima kabisa, "Mwalimu, tuendelee, wengine bado hawajapata."

Msichana wa dirishani hakupata kitu. Hakuinua mkono wiki ya kwanza, wala ya pili. Wiki ya tatu nilimwita nje ya chumba cha walimu, tukasimama kando ya tangi la maji.

"Una nini siku hizi? Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Mbona huongei? Wewe ndiye ulikuwa ukiwasumbua wote."

Akatazama viatu vyake. "Nikiongea hawaniangalii mimi. Wanaangalia mkono wako, kama unaingia kwenye kopo."

Nikatafuta jibu la kitaalamu. Semina ya Embu haikuwa imelifikia swali hilo.

"Halafu mwalimu," akaendelea, sauti ikizidi kushuka, "nikisema kitu kirefu nimekifikiria, napata kifuniko kimoja. Na mwingine akisema 'naunga mkono' anapata kimoja."

"Basi wewe nawe fupisha," nikamwambia.

Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Sawa, mwalimu," akarudi darasani. Hakufupisha. Alinyamaza tu, akawa anachora mistari kwenye kingo za vitabu.

Nikampelekea naibu habari hiyo. Alinisikiliza vizuri, akafungua kompyuta yake, akanigeuzia nijionee mwenyewe. Kulikuwa na chati ya rangi nyingi. Mstari wa ushiriki ulikuwa umepanda hadi ukakaribia kutoka kwenye kioo.

"Huyo msichana hashiriki," alisema. "Data inaonyesha."

"Alikuwa anashiriki kabla ya data."

"Kabla ya data hatuwezi kujua, mwalimu."

Mtu akikujibu hivyo, unachukua kikombe chako cha chai na kuondoka.

Kisha vifuniko vikaanza kuzaana. Mwanzoni nilidhani nimechoka. Ijumaa moja wanafunzi walileta vifuniko vingi kuliko nilivyokuwa nimegawa, na kopo langu bado lilikuwa na mzigo. Ijumaa iliyofuata mtu mmoja aliyekuwa hajahudhuria, kwa sababu ya homa, alikuwa wa pili kwa ushiriki. Nilipovikagua, baadhi vilikuwa vya kijani cha aina nyingine, kijani kilichochangamka zaidi. Soda haikosekani Meru, na rangi pia haikosekani. Naibu alipata mshtuko wa mtu aliyeibiwa dini yake. Akabadilisha rangi kuwa bluu. Bluu ya darasani ikatokea kabla ya bluu ya ofisini kukauka.

Uchunguzi haukuwa mgumu. Mvulana wa Majengo alikuwa na madoa ya bluu kwenye kucha. Baba yake akaitwa shuleni.

Alikuja mchana, moja kwa moja kutoka bucha, mzee mpole mwenye kofia ya kiua, amenawa mikono hadi viwiko. Nilimkaribisha kiti. Naibu akamweleza kosa kwa maneno makubwa: udanganyifu, uadilifu, mustakabali. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, niwie radhi, sijaelewa vizuri. Hivi vifuniko mnavitaka au hamvitaki?"

"Tunavitaka vikitoka kwetu, baba. Si vikitoka kwake."

"Na kwenu vinatoka wapi?"

Naibu akakohoa. "Kwenye soda."

"Aa." Mzee akafikiri. "Kwa sababu jirani yangu anauza soda kwa jumla. Kama shule ina haja, mngeniambia mapema, ningewaletea gunia. Haikuwa lazima mtoto ahangaike peke yake."

Alisema kwa moyo safi kabisa. Alidhani shule inachangisha vifuniko, kama inavyochangisha ufagio na karatasi za choo, na mwanawe ameitikia kwa bidii kupita kiasi. Mimi nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza. Mvulana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa ameuma mdomo hadi umekuwa mweupe. Mwishowe aliadhibiwa kufyeka nyasi nyuma ya maabara, naye akazifyeka akiimba.

Muhula ulipoisha, matokeo yalisomwa. Karibu darasa zima lilikuwa na alama kamili za ushiriki. Katika mtihani wenyewe walikuwa wamefanya vibaya kuliko muhula uliotangulia, lakini ukijumlisha na vifuniko, darasa lilikuwa limeimarika. Maafisa wa elimu waliletewa chati, wakaipenda, wakala kuku. Msichana wa dirishani, ambaye huwa miongoni mwa watatu wa mwanzo, aliporomoka hadi katikati. Kwenye ripoti yake nililazimika kuandika maoni. Naibu alipendekeza "ajitahidi kushiriki." Nikaandika "anafikiri," nikaweka nukta. Baba yake, nilisikia baadaye, alimuuliza hilo neno ni sifa au ni onyo.

Mpango haukufa kwa sababu kuna aliyegundua kosa. Ulikufa kwa sababu naibu alikwenda semina nyingine, hii ya tableti, akarudi na mapenzi mapya. Gwarideni alisema vifuniko vilikuwa vimefikia malengo yake. Makopo yakapelekwa stoo, na mambo yakarudi kama zamani.

Hivyo ndivyo nilivyodhani. Nilingoja siku hiyo kwa hamu kubwa. Nilitunga kifungu kingine, kuhusu ndugu wawili na kisima kimoja, nikakitia kila aina ya dhuluma ili mtu yeyote mwenye damu apandwe na hasira. Nikasoma kwa sauti. Nikauliza nani ana makosa. Kuku wa jirani alilia upande wa pili wa ua, tukamsikiliza wote.

Mwisho mkono mmoja ukainuka nusu.

"Mwalimu, hiyo iko na alama?"

"Hapana. Zile tumemaliza."

Mkono ukashuka.

Iliendelea hivyo kwa wiki nyingi. Niliwapanga kwenye makundi, wakakaa kwenye makundi wakitazamana kama abiria walioharibikiwa na gari. Niliwapa mjadala wa wavulana na wasichana, ambao zamani ungehitaji polisi. Msemaji wa wavulana alisoma hoja moja, akaketi. Mvulana wa Majengo aliniambia bila hasira, "Mwalimu, ulituzoesha." Hata msichana wa dirishani hakurudi. Nilikuwa nimejitayarisha kwamba vifuniko vikiondoka yeye atachanua kama ua katika hadithi za redioni. Aliendelea kuchora mistari yake. Amani ilikuwa imemwingia, au uchovu. Sikuweza kujua ni kipi.

Kilichobadilisha mambo sikukipanga. Walikuwa wameniandikia insha, na nilikuwa nimezisoma zote kwa makini wakati wa likizo fupi, nikaandika maoni marefu pembeni: hapa umenigusa, hapa umeniacha njiani, huyu mjomba ametoka wapi? Alama nilikusudia kuziweka baadaye. Shule zikafunguliwa kabla sijafanya hivyo. Nikaona nizirudishe tu, alama zitafuata.

Walipekua kurasa. Walipekua tena. Mmoja alitikisa karatasi, labda alama ingeanguka.

"Mwalimu, umesahau."

"Sijasahau. Someni maoni kwanza."

"Sasa tutajuaje kama ni mzuri?"

"Nimekuandikia hapo, mistari mitano."

"Lakini ni mzuri ya ngapi?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mvulana wa mahindi na fukusi alisema hiyo si haki, amekesha. Mwingine akasema mwalimu hana ruhusa. Mwingine akasema anayo, karatasi ni za wanafunzi lakini kalamu nyekundu ni yake. Wakainuka. Wakakatana kauli. Hakuna aliyeomba nafasi. Mvulana wa Majengo akapanda juu ya benchi.

"Alama gani mnalilia? Mimi nimezitengeneza kwa mikono yangu! Najua ndani hakuna kitu. Bora haya maandishi, angalau mtu amekaa akanisoma."

Nilimtarajia msichana wa dirishani amuunge mkono. Alisimama akiwa amekasirika sana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyehitaji kuinamisha kichwa.

"Wewe ni rahisi kusema, baba yako ana bucha! Mimi nikipeleka nyumbani 'umenigusa,' nitaenda nayo ofisi ya basari nilipiwe karo? Nitaambia watu wa basari mwalimu aliguswa?"

"Kwani wewe si ndiye ulikataa vifuniko?"

"Nilikataa uongo. Sikukataa alama!"

"Alama gani si uongo? Nionyeshe moja!"

"Ile mtu amepata na amefanya kazi!"

"Na nani anajua umefanya kazi? Yeye?" Alikuwa ananiashiria mimi, mwalimu wao, niliyekuwa nimekaa kwenye dawati la nyuma kwa sababu mbele hapakuwa tena na nafasi yangu. Nilifungua kinywa. Mtu akaniambia, "Ngoja kidogo, mwalimu."

Nikangoja. Ulikuwa mjadala bora kabisa niliowahi kuusikia katika chumba kile, na hoja yake kuu, iliyotetewa kwa ufasaha na wengi waliokuwepo, ilikuwa kwamba mtu hawezi kufanya kazi bure. Waliitetea bure, hadi kengele ikalia mara ya pili na mwalimu wa Kemia akasimama mlangoni ameshika chupa zake.

Sitasema kwamba tangu siku hiyo darasa lilipona. Kuna siku liliamka, kuna siku liliniuliza kama iko na alama. Mimi nami nimeajiriwa, na wiki iliyofuata nilizikusanya insha zile, nikaweka alama, nikazirudisha. Walitazama nambari, wengi wakakunja karatasi, mvulana wa Majengo akaja kuomba aongezewe mbili. Nikamkumbusha ndani hakuna kitu. Akasema ndiyo, lakini baba yake hajui.

Msichana wa dirishani alinifuata nje jioni, nikiwa naelekea langoni, karatasi yake mkononi. Nilijua anataka nini, nikaanza kumweleza jinsi alama zinavyogawanywa.

"Si alama, mwalimu. Hapa umeandika mwisho wangu umeharakishwa."

"Umeharakishwa. Bibi anakufa, na hapo hapo hadithi inaisha."

"Ndivyo alivyokufa. Tulikuwa tunapanga mambo ya kesho."

Wenzake walikuwa wakimwita kutoka barabarani, na wingu lilikuwa limeshuka upande wa mlima. Nikaichukua karatasi, nikausoma mwisho ule tena nikiwa nimesimama pale pale. Nikamwambia bado naona ungehitaji sentensi moja zaidi. Akasema hapana, hauhitaji. Tukabishana hadi matone yakaanza kuanguka, hakuna aliyemshawishi mwenzake, kisha akaitia insha ndani ya sweta isilowe, akakimbia.